Kopo la Dafroza

Dafroza alikuwa anatwanga, lakini ndani ya kinu hamkuwa na kitu.

Matiko, balozi wa nyumba kumi, alisimama nyuma ya ua wa minyaa, akatega sikio. Ko, ko, ko. Kinu chenye mahindi hakilii hivyo. Mtu anayetwanga hewa asubuhi yote ile anafunika sauti nyingine, na kweli, katikati ya mapigo alisikia mwanamume ananong'ona. Punde mwanamume huyo akatoka na baiskeli, akashika njia ya barabara kuu. Matiko alimtambua: ni yule yule anayekuja kutoka Sirari, mpakani na Kenya.

Ulikuwa mwaka 1983, na nchi nzima ilikuwa inasaka wahujumu uchumi. Kiabakari hapakuwa na sabuni, hapakuwa na sukari, na chumvi watu waliombana kwa kijiko. Ukikutwa na kitu cha Kenya ulipakiwa kwenye Landrova, na siku ya kurudi huijui. Katika nyumba kumi za Matiko magendo hayakupita. Hata shemeji yake mwenyewe, kaka wa mkewe, Matiko alimpeleka polisi kwa miche miwili ya sabuni.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomtisha Matiko: presha. Mwaka uliopita alianguka kwenye mkutano wa tawi, mdomo ukavutwa upande siku mbili. Daktari akampa vidonge vya kulegeza mishipa, akamwonya: kimoja kila asubuhi, asiruke hata siku moja, maana akianguka tena huenda asiinuke. Tangu hapo mkewe, Nyamburi, ndiye aliyekwenda Musoma kila mwezi kumchukulia. Wengine walirudi kutoka hospitali mikono mitupu, hata aspirini hawakupata. Vya Matiko havikukosekana. Nani atamnyima balozi?

"Mama Gati," alimwambia mkewe wakati wa chakula, "Jumamosi naingia kwa Dafroza na mgambo."

Mkono wa Nyamburi ukasimama juu ya ugali. "Mwache mjane wa watu, Baba Gati. Anauza dagaa tu."

"Dagaa gani wanaletwa na baiskeli kutoka Sirari? Ziwa limehamia huko?"

"Labda ni ndugu yake."

"Na wewe kwake unafuataga nini?"

"Nasukwa nywele."

Matiko akamtazama kichwani. Nywele zilikuwa timutimu kama za mtu aliyeamka sasa hivi. Akakumbuka na mengine. Kitenge kipya cha mkewe hakijaonekana tangu Pasaka. Kuku wanne wametoweka, na yeye anasema kicheche. Lakini chai ya nyumbani ilikuwa haina sukari vile vile, na nguo zilifuliwa kwa maji matupu. Basi huyu mwanamke alikuwa ananunua nini?

Aliyesema Jumamosi hakuwa na nia ya kungoja Jumamosi. Kesho yake asubuhi alikunywa uji, akameza kidonge alichowekewa kiganjani, akangoja mkewe abebe ndoo ashike njia ya kisimani. Kisha akampitia Kija, mgambo, wakaenda.

Dafroza aliwaona, akaweka ungo chini. "Karibuni. Mbona mapema?"

"Mwizi hatafutwi kwa barua," alisema Matiko. "Kija, ingia."

Kija alipekua kitanda, akapekua kuni, akazamisha mkono kwenye mtungi wa mtama mpaka kwenye kwapa. Akacheka. "Mjomba! Kimbo!"

Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia ya Kenya. Walipolifungua, mafuta hayakuwamo. Mlikuwa na vipande vya karatasi ya kung'aa kama fedha, vimefungwa kwa mpira. Kija akasogeza kimoja kwenye mwanga, akasoma kwa shida. "Ni-fe-di-pi-ni. Ndiyo nini hii?"

"Ni dawa," alisema Dafroza.

"Kila mlanguzi akikamatwa ni dawa," alisema Matiko. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi ni za nani?"

Dafroza alimtazama Kija na rungu lake. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Balozi, nakuomba. Ngoja Mama Gati arudi kutoka kisimani. Ngoja tu."

Damu ikampanda Matiko. Kumbe ndiyo mbinu yake, kujikinga kwa jina la mke wa balozi, tena mbele ya mgambo!

"Tugawane, mjomba," alinong'ona Kija. Vipande viwili vilikuwa vimeshaingia mfukoni mwake. "Kule Bunda hazikosi mnunuzi."

"Toa."

"Mjomba..."

"Toa, nimesema! Asije mtu akasema balozi amejigawia. Kopo linatosha kuwa ushahidi."

Akakusanya vyote, kimoja kimoja, akavitupa kwenye moto uliokuwa mafigani. Dafroza aliruka akaingiza mkono motoni. Kija akamvuta nyuma, akamkalisha. Karatasi zikajikunja, moshi mchungu ukajaa jikoni, wote wakakohoa. Matiko alichukua kijiti akachokoa majivu mpaka akahakikisha.

Mara mlango ukapigwa kikumbo. Alikuwa Nyamburi, anahema, ndoo mkononi haina hata tone. Aliutazama moto. Akamtazama Dafroza anayepuliza vidole vyake. Mwishowe akamtazama mumewe.

"Zote?"

"Zote," alisema Matiko, akijipangusa mikono. "Mumeo habakizi hata punje."

Nyamburi akakaa chini pale pale, kwenye majivu.

"Basi kesho asubuhi, Baba Gati," alisema, "utameza nini?"