Boti ya Kufika Bodø

Gudveig alinyoosha mkono mbele ya mumewe, akauvuta nyuma wenzo wa kuongezea injini mafuta.

Boti waliyokuwa wakiijaribu ilikuwa ikiruka juu ya maji. Sasa ikashusha pua, na vikombe kabatini vikaacha kugongana. Kwenye kioo cha vipimo kando ya usukani, matumizi ya mafuta yakashuka kutoka lita mbili na nusu kwa kila maili hadi chini ya lita moja.

"Mama, huyu ni farasi," muuzaji wa boti, aliyeketi nyuma yao, alicheka. "Wewe unamwendesha kama punda."

"Farasi wako atakula pensheni yetu yote kabla hatujafika hata Trondheim. Dada yangu yuko Bodø, mbali zaidi kaskazini."

Dada huyo alikuwa mgonjwa, hasafiri tena. Gudveig alitaka wamfikie kwa boti yao wenyewe, walale gatini karibu naye hadi majani yapukutike.

Mumewe, aliyeapa kutonunua boti ya wazee iendayo polepole, aliikodolea macho ile tarakimu. Kisha naye akauvuta wenzo kidogo zaidi, aone. Ikashuka tena.

"Kumbe," alisema.

Boti kuukuu ya mbao ikawafikia, ikienda tuk-tuk-tuk. Mwenyewe alikuwa akimenya kamba wa kula, usukani kaubana kwa nyonga.

Mume wa Gudveig akafungua dirisha. "Bwana, hiyo yako inakunywa kiasi gani?"

Yule mtu alifikiri. "Sijui hasa. Mara ya mwisho nilijaza tangi Pasaka, na sasa ni Julai."

Mume wa Gudveig akazima injini kabisa.

"Hebu rudia," alisema.