Marehemu Namba 417

Namba 417 alikuwa marehemu wa miezi kumi na moja, na kila mwezi alikuja mwenyewe kuchukua vidonge vyake vya kifafa.

Dokta Valéry alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji na shahada ya takwimu za afya, akakuta nchi ambayo watu hata kufa hawajui kufa sawasawa. Kazi yake ilikuwa kuunganisha madaftari mawili, la kliniki ya masista kule Ngagara na la vifo la hospitali, ili ijulikane kama dawa mpya ya kifafa inaokoa watu kweli. Walio hai wangeendelea kuipata. Waliokufa wangefutwa, nafasi zao wapewe wengine, maana vita vilikuwa vimefunga barabara na dawa ilikuwa haba.

Majina hakuyaona, na kwa hilo alijisifu hata mezani kwake. Kila jina liligeuzwa namba na Léocadie, karani wa madaftari, mama mtu mzima aliyeianza kazi hiyo kabla ya vita. Siku ya kwanza Valéry alimwapisha kwa Biblia kwamba hatataja jina la mgonjwa hata mmoja, kwa yeyote, hata kwake yeye bosi. Nyinyi makarani mna midomo, alimwambia, na yule mama akaapa huku ameinamisha kichwa.

Kompyuta ililinganisha vitu vinne: namba ya kadi ya matibabu, mwaka wa kuzaliwa, jina la baba na jina la mama. Kwa 417 vyote vinne vilikubaliana. Alifia wodi ya wazazi, Agosti mwaka uliopita. Anayekuja kumeza vidonge sasa, basi, ni mwizi.

Léocadie alisimama mbele ya meza akajaribu kumweleza. Watu huazimana kadi, alisema. Mtu akishikwa na uchungu naye hana kadi, unampa yako, kwa sababu getini bila kadi hapokelewi. Akifa, daftari linaandika umekufa wewe.

Valéry alimsikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite. Huko mitaani kwenu labda, akamjibu. Watu wenye akili zao hawaazimani kadi kama sufuria za harusi.

"Huyo 417 ni ndugu yako?"

"Apana, Dokta. Si mutu wangu."

"Sasa unamlilia nini?"

"Uniruhusu niseme jina lake. Hilo moja tu."

"Ukilisema, kesho usije kazini."

Léocadie alikuwa na wajukuu watano ndani, na baba zao wote vita vilikuwa vimewala. Akafunga mdomo. Ila alimkazia macho yule bosi wake, muda mrefu, kwa namna ya huruma hivi, na Valéry akaona huo ni utovu wa adabu. Akapiga mstari mwekundu juu ya 417, akatia sahihi, na jioni ileile dereva akaipeleka orodha kwa masista.

Nyumbani kwake, mtaa wa Mutanga Nord, mambo nayo hayakumpendeza. Mtumishi mpya alikuwa anaunguza maharage. Alimkumbuka Prudence, yule wa zamani, aliyefariki mwaka jana akijifungua. Wageni wakija, Valéry hakuchoka kuwasimulia alivyompakia Prudence garini mwenyewe, risasi zinalia milimani, imebaki nusu saa watu wakatazwe kutembea. Alivyobishana na mlinzi wa geti la hospitali mpaka akampitisha, akamwachia manesi, akageuza gari. Wangapi wangefanya hivyo kwa mfanyakazi wa ndani? Wageni walitikisa vichwa, na mkewe, Amandine, alitazama sahani yake.

Alhamisi Léocadie alirudi tena na lake. Mtu aliyezoea dawa ya kifafa, alisema, ukimkatia ghafla huanguka vibaya kuliko zamani, na wengine hawainuki.

"Mtu hafi mara mbili, Léocadie," Valéry akamwambia, akarudi kwenye majedwali yake. Yalikuwa yanapendeza kweli. Hakuna marehemu tena aliyekuwa anatembea.

Ijumaa alimkuta Amandine amebandikwa plasta kidevuni. Alisema ameteleza bafuni. Valéry akamwambia mtu mzima hutazama anakokanyaga. Jumamosi mkewe aliongea kwa shida, ulimi umevimba, akasema amejing'ata akila. Ni nyumba gani hii, Valéry akajiuliza, mmoja hajui kupika na mwingine hajui kutafuna.

Jumapili baada ya misa Amandine alimpeleka binti yao, Raïssa, kwa jirani, kisha akafunga mlango wa sebule. Alisema kuna jambo amemficha tangu wachumbiane, kwa kuogopa ule mdomo wake. Valéry akaketi sawasawa, ameshaanza kumtafuta kichwani huyo mwanaume ni nani.

"Papa Raïssa, masista wamenikatalia dawa yangu," Amandine akasema. "Wananiambia nilikufa mwaka jana nikizaa. Ile siku ya Prudence, pale getini, ulionyesha kadi ya nani?"