Tepu ya Fundi wa Majeneza

Foamu mbili nyeupe, ngumu, za kuchongea mbao za kuteleza juu ya mawimbi, ziliegemea jeneza ambalo babake Ayuma hakuwa amelimaliza. Ayuma alichagua ile isiyopinda sana mbele.

“Hii. Huko Kilifi wimbi likinibeba, nataka kutembea juu ya ubao mpaka kwa pua yake, kule mbele kabisa.”

Akailaza juu ya meza ya kazi, akapanda, akajilaza chali, mikono ubavuni.

“Nipime, Baba, tujue itanizidi kwa kiasi gani.”

Mkono wa mzee ulipanda hadi kwenye tepu iliyoning'inia shingoni, ukakwama hapo. Mafundi wa majeneza wa Majengo hawampimi mtu aliye hai.

“Shuka.”

“Baba, ni ubao tu.”

“Shuka, mama.”

Ayuma akashuka. Mzee akavua tepu, akaitundika msumarini. Akafagia maranda, akailaza foamu sakafuni, kisha akapiga magoti penye pua yake, penseli mkononi.

“Sasa tembea. Njoo mpaka hapa nilipo.”

Ayuma akavua viatu, akaja taratibu, hatua kwa hatua, mpaka ukingoni.

Mzee akakizungushia penseli kila kidole cha mguu. Vilikuwa na joto.