Ufa wa Kengele

Nilikuwa nimeshavaa miwani na kuwasha grinda nilipoiona alama ya nyundo pembeni mwa ufa. Nikaizima.

Kengele ilikuwa juu ya meza yangu ya kuchomelea, nzito kama dhambi. Ilikaa stoo miaka mingi, na kesho yake ilitakiwa itundikwe tena mbele ya shule.

"Mbona umesimama, fundi?" akauliza mwenyekiti wa kamati ya shule. "Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Nikaingiza kidole gumba kwenye ufa. Kikazama mpaka mwisho wa kucha. Babu alituambia aliipiga nyundo mara tatu kabla wasimamizi wa machimbo hawajamkamata.

"Huu hauzibwi," nikasema.

"Babu yangu alisoma kwa kengele hii. Ikilia, alikimbilia darasani. Ndiyo fahari yetu."

"Wangu, hii hii ikilia, alikimbilia machimboni. Aliyechelewa alichapwa. Asubuhi moja akaipasua kwa nyundo, na siku hiyo hakuna aliyekwenda kuvunja mawe."

"Fundi, mimi nimekuletea kengele, sikukuletea babu yako."

"Huyu hapa," nikamwonyesha ufa.

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mafundi wako wengi mjini."

"Wengi sana. Waulize babu zao walivunja mawe wapi."

Nikachukua nyundo, nikaigonga kengele mara moja. Haikulia. Ilikohoa, kikohozi kikavu cha mzee asiyetaka kunyamazishwa.

"Hiyo ndiyo sauti yake," nikasema. "Itundike hivyo hivyo, au usiitundike."