Kwenye Pengo la Waya

Mama Alphonsine alipuliza filimbi. Simone akasimama, kitunga cha sombe, majani ya mihogo, kichwani, mguu mmoja umeshapita waya wa uzio.

"Rudi, mwanangu. Ndege iko inakuja."

"Mama, ndege ilishapita! Haukuisikia?" Simone alicheka. "Donc, basi weye ndiye polisi wa mbingu? Polisi gani hana hata kofia?"

Ni kweli, hakuwa na kofia wala cheo. Alikuwa na filimbi, na kiti cha plastiki ambacho René, mzee anayeongoza ndege kutoka mnarani, alikibeba begani mwenyewe siku alipomkuta ameketi chini. Tangu hapo, kila asubuhi René alimletea chai kwenye kikombe chenye mfuniko, vumbi lisiingie. Alphonsine aliinywa. Hakujua tena kama ilikuwa na sukari.

Uwanja ule mdogo wa ndege uko kando ya barabara ya Banalia. Kijiji na mashamba ya mihogo viko upande mmoja; barabara na nyumba ya abiria viko upande wa pili; katikati ni njia ya ndege. Kuzunguka kwa mguu ni saa nzima. Kukatiza ni dakika mbili. Watu waling'oa waya wakajengea mabanda ya mbuzi, pengo likabaki, na wakajiwekea desturi yao: ndege ikisikika, unangoja, ikishapita juu, unavuka. Hawakujua kwamba rubani hupita kwanza kutazama kama njia ni nyeupe, kisha hugeuka nyuma ya msitu na kurudi kutua.

Kwa sababu ya kutojua huko, Grâce, binti pekee wa Alphonsine, alikufa hapa mwaka jana. Wanawake wa kijiji walimpalilia shamba msimu mzima bila kuombwa. Alisema asante kwa kila mmoja, kwa jina lake, na hakulia.

"Pikipiki inaningoja barabarani," Simone alisema. "Sombe itanyauka, mama. Soko ya Kisangani haingojake mutu."

"Itangoja."

"Na nikipita?"

Alphonsine aliinuka, akasimama katikati ya pengo, akamshika kifundo cha mkono. Hakumkaza. Alimshika kama mtu anavyozuia mlango usipigwe na upepo.

Simone akafyonza. Akaanza kuuvuta mkono wake.

Ndipo mngurumo ukatoka nyuma ya msitu. Ndege ikaja chini chini, magurudumu nje, ikapita mbele yao kwa kishindo, majani ya juu ya kitunga yakaruka yote.

Alphonsine alimtua kitunga, akamketisha kwenye kiti chake, akamshikisha kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Unisamehe, mama. Miye niliolewa huku juzi tu, sikujua." Simone alikunywa kidogo. "Waliniambia tu kama Grâce alikufia hapa. Yeye naye hakuisikia ndege?"

"Grâce alikuwa ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya ndege. Alikuwa anatoka Kinshasa. Miaka ine sikumuona." Sauti ya Alphonsine haikupanda wala haikushuka. "Rubani aliona mutu iko anavuka. Akakata kona, ndege ikaingia kwenye miti."

Simone alifanya ishara ya msalaba.

"Yesu! Na huyo mutu, alikuwa mulevi?"

"Hapana, mwanangu. Niliogopa tu atashuka bila kunikuta namungoja ng'ambo."