Birika la Mtumba

Siku mbili kahawa ya birika la mtumba kutoka Dar, lile lenye chujio tumboni, ilitoka tope, unga ukipenya matundu ya chujio. Leo Mwanahawa alichoka mikono, akaacha kutwanga buni zikiwa bado chenga.

Akaliinjika birika. Kwenye kioo cha kifuniko maji yakaruka meupe, yakageuka meusi. Akaonja. Nzuri, wala haina mashapo. Kumbe chenga zinatosha!

Akavitazama viganja vyake vyenye sugu. Miaka thelathini mumewe, muuza kahawa wa stendi ya Ikwiriri, amekuwa akimwambia: "Twanga, mke wangu, iwe kama wanja."

"Mbona sisikii mchi?" mumewe akauliza kutoka chumbani.

"Utausikia," alijibu, akausukuma mchi mafigani, katikati ya kuni zilizokuwa zikitatarika.