Mstari wa Kalamu Begani

Haya nilisimuliwa na mkamwana wa nyumba yenyewe, Jumapili iliyopita, tukichambua mchele. Kabla ya kuanza aliniapisha kwamba baba mkwe wake asije akayasikia. Basi nanyi nyamazeni.

Mzee huyo ni mwandika mabango. Alianguka kwenye ngazi, kano la bega la kushoto likakatika, akapasuliwa likashonwa. Siku ya kumi na mbili kidonda kikaanza kuwa chekundu pembeni. Muuguzi akachukua kalamu ya wino, akauzungushia wekundu ule mstari.

"Baba, huu ndio mpaka. Wekundu ukiuvuka, njoo mbio. Wadudu wakishuka mpaka kwenye kano, mshono wa ndani utaachia na mkono hautainuka tena."

Alisema na mengine, ya joto na usaha, lakini mzee alisikia la mstari tu.

Siku ya pili yake bega likawa la moto, na shati linalowa majimaji. Mkewe, fundi cherehani, akamsihi.

"Baba watoto, twende hospitali. Bega linanuka."

"Jasho hilo. Mstari umevukwa?"

"Haujavukwa."

"Basi! Mimi nimekula kwa mistari miaka arobaini, mama watoto. Mstari haunidanganyi. Niende wakanipasue tena bure?"

Mkewe akaguna, akarudi kwenye cherehani yake.

Kila mchana mzee alimeza kidonge cha maumivu, na kidonge kile kilimlaza kama gogo. Ungeweza kumwiba yeye pamoja na kitanda. Alasiri ile alipoamka akasogea kwenye kioo, na moyo ukampasuka paa! Wekundu umeuvuka mstari, upana wa kidole kizima.

Akatega sikio. Cherehani inalia chumba cha pili. Haraka haraka akachukua pamba na spiriti, akaufuta mstari, akachora mwingine kwa nje, kwa kalamu yake ya kazi. Mkewe alipoleta chai akavaa miwani, akainama.

"Mmh. Wekundu uko ndani," alisema. "Tushukuru."

"Nilikwambia nini?"

Kesho yake, baada ya usingizi wa mchana, mstari umevukwa tena. Akafuta, akachora. Siku ya tatu umevukwa kwa vidole viwili! Mzee akashika chupa ya spiriti, akakuta imebaki tone chini. Alishangaa, maana yeye alitumia kidogo tu. Lakini kwa hofu ile, nani ana akili ya kupima spiriti?

"Mama watoto! Niletee shati, twende hospitali!"

"Si unasema mstari haujavukwa?"

Mzee akatazama sakafu. "Nimekuwa nikiusogeza. Kila siku nausogeza, na kila siku wekundu unauruka. Wadudu hawa wana mbio, mke wangu. Nakwisha."

"Ala! Kumbe ulikuwa unanidanganya mimi?" Mkewe alishika kiuno, akamkazia macho hata mzee akaona aibu. Kisha akamletea shati. Lilikuwa limeshapigwa pasi, na kadi ya hospitali imo mfukoni.

Daktari alilifungua bega siku hiyo hiyo, akaosha usaha, akaanza kumpa dawa kwa mshipa. Kano lilikuwa zima.

"Mngechelewa siku mbili, tungekuwa tunasema mengine," alimwambia mzee alipozinduka. "Ila nani alikuchora vile? Mstari kama umepimwa kwa futi."

"Ni mimi, daktari," mzee alijibu kwa sauti ya dawa, akitabasamu. "Nikiwa mgonjwa hivyo hivyo."

Mkewe akakohoa, akamrekebishia mto. Mzee akasinzia tena.

Mkewe alirudi nyumbani, akairudisha kalamu kwenye sanduku la kazi la mumewe, akafunika cherehani, akajitupa kitandani na viatu vyake. Usingizi ulimchukua palepale. Siku tatu alikuwa hajajinyoosha mchana, maana kila mumewe alipoanza kukoroma, yeye alivaa miwani, akachukua spiriti, akausogeza mstari ndani.